Mdhamini wa Sauli

Luka hatuambii safari ya Barnaba kutoka Antiokia hadi Tarso ilichukua siku ngapi. Katika sura ya 11 ya Matendo ya Mitume anasema tu kwamba Barnaba alikwenda kumtafuta Sauli, akampata, akaja naye. Yaliyobaki tunaambiwa na ramani. Antiokia ya siku zile ni Antakya ya leo, kusini mwa Uturuki, na Tarso bado inaitwa Tarsus. Katikati kuna zaidi ya kilomita 200 za barabara, kwanza kupanda milima ya Amano, kisha kushuka kwenye tambarare ya Kilikia. Mtu mwenye kanisa linaloongezeka kila kukicha alifunga safari hiyo kwa ajili ya mtu mmoja ambaye, kwa jinsi Luka anavyosimulia, hakuna mwingine aliyekuwa amemuulizia.

Kila nikirudi kwenye habari hiyo, Barnaba hunivutia kama fundi zaidi ya anavyonivutia kama mtakatifu. Wema wake Luka ameutaja kwa sentensi moja, akapita. Ufundi wake hakuutaja; ameuacha umetawanyika ndani ya matukio, na msomaji asiye na haraka anaweza kuuokota kipande kwa kipande. Ni ufundi wa kumtambua kiongozi angali hana cheo, hana wafuasi, na pengine hana hata sifa njema. Ukishaviokota vipande vyote unakuta vimeshonwa kwa uzi mmoja: kila Barnaba alipomtambua mtu, alitoa kitu cha kwake. Alikuwa mdhamini.

Mara ya kwanza tunakutana naye mwishoni mwa sura ya 4. Ni Mlawi kutoka Kipro aliyeuza shamba na kuweka fedha miguuni pa mitume. Yaonekana ni habari ya sadaka tu, lakini mimi naona ndiyo inayoeleza jicho lake. Mtu anayehofia nafasi yake humpima kila kijana mwenye kipaji kwa hesabu: huyu atanifaa, au ataniondoa? Ukishaanza hesabu hiyo huoni vizuri tena. Barnaba alikwisha kuachia shamba, na hakuwa na mengi ya kuyalinda alipokutana na mtu ambaye angekuja kumpita mbali.

Mtu huyo alifika Yerusalemu na wanafunzi wakamkimbia. Walikuwa na haki. Ni yeye aliyeingia nyumba kwa nyumba akiwaburuta wanaume na wanawake kuwatia gerezani. Ni yeye aliyekuwepo nguo za waliompiga Stefano kwa mawe zilipowekwa chini. Habari kwamba ameamini ingeweza kuwa mbinu ya mpelelezi. Barnaba akamchukua, akampeleka kwa mitume, akatoa ushahidi wa mambo matatu: Sauli alimwona Bwana njiani, Bwana alisema naye, na huko Dameski alihubiri kwa jina la Yesu bila kuficha.

Hebu tuutazame ushahidi huo kwa karibu. Barnaba angeweza kusema huyu ni msomi aliyefundishwa na Gamalieli, ni raia wa Rumi, Kigiriki anakijua kama maji. Yote yangekuwa kweli, na yote yangependeza kwenye maombi ya kazi. Hakuyagusa. Alisema Sauli alikutana na nani, na baada ya hapo alifanya nini mahali penye hatari, kwani Dameski ndiko alikotolewa usiku ndani ya kapu, akateremshwa ukutani ili asiuawe. Tena mtu hawezi kusimulia mambo ya mwenzake kwa mpangilio kama huo kama hajakaa naye akamsikiliza mpaka mwisho. Wakati wengine walikuwa wanamkwepa Sauli, kuna mahali Barnaba aliketi naye. Luka hakutuonyesha kikao hicho, lakini bila hicho ushahidi usingekuwepo.

Kisha likatokea jambo ambalo wahubiri wengi huliruka. Sauli alianza kubishana na Wayahudi wa Kigiriki mjini Yerusalemu, mabishano yakapamba moto hadi wakataka kumwua. Ndugu wakamteremsha hadi Kaisaria, wakamsafirisha kwao Tarso. Sentensi inayofuata Luka anasema kanisa la Uyahudi, Galilaya na Samaria likapata raha. Sijui kama alitabasamu alipokuwa anaandika, lakini mimi hutabasamu ninaposoma. Mtu aliyedhaminiwa na Barnaba alileta vurugu, akarudishwa kwao, na watu wakapumua.

Mdhamini wa kawaida angekoma hapo. Angesema nilijaribu, nikaaibika, yaishe. Miaka ikapita.

Wakati huo waamini waliotawanyika baada ya kifo cha Stefano walifika Antiokia, mji uliohesabiwa wa tatu kwa ukubwa katika dola ya Rumi, baada ya Rumi yenyewe na Aleksandria. Baadhi yao, watu wa Kipro na Kirene, wakaanza kuwahubiria hata Wagiriki. Yerusalemu ikamtuma Barnaba akaangalie kuna nini. Alikuta kanisa changa, la watu wa mataifa mchanganyiko, lisilofanana na lile aliloliacha nyuma. Akafurahi. Wengi wakaongezeka. Na hapo, mambo yakiwa yamemnyookea, ndipo alipokwenda Tarso.

Wakati aliouchagua ndio unaonifikirisha. Wengi wetu hutafuta msaidizi tukiwa tumeelemewa, na tunamtafuta atakayebaki kuwa msaidizi. Barnaba hakuwa ameshindwa kazi. Aliitazama Antiokia akaona inamhitaji mtu aliyezaliwa kwenye mji wa Kigiriki na kulelewa ndani ya Torati, mwenye uwezo wa kusimama katikati ya makundi mawili na kuyafahamisha yote mawili. Akakumbuka kwamba mtu huyo yupo, na kwamba amekaa tu. Huo ndio upande wa ufundi huu usiofundishwa sana: kuiona kazi na kumwona mtu kwa mtazamo mmoja. Anayejua watu bila kuijua kazi hugawa vyeo kwa marafiki. Anayeijua kazi bila kujua watu hubaki kulalamika kwamba siku hizi hakuna viongozi.

Nimeuona ufundi huo ukifanya kazi katika mtaa mmoja wa Kilutheri kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ukanda wa migomba na kahawa. Mwinjilisti wa pale ni mzee anayekaribia kustaafu. Ibada ikiisha, watu hutoka nje kwa mnada wa sadaka: mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, maziwa kwenye chupa, viazi vikuu, mayai ndani ya bakuli. Mnadi hupaza sauti, watu hucheka, bei hupanda. Mwinjilisti husimama pembeni karibu na ukuta, mikono nyuma, kama mtu asiyehusika. Ukimfuatilia macho unagundua hatazami bidhaa. Anatazama nani anaandika majina ya watakaolipa wiki ijayo bila kuwatangaza, nani anambebea bibi mkungu wake hadi njiani, nani anarudisha chenji iliyozidi.

Jumapili moja yaliletwa mayai manne ya mjane fulani. Mnadi akataja bei ya kuanzia, kimya. Akaishusha, kimya tena, na nyuma wakaanza kucheka chinichini. Kijana mmoja wa bodaboda, aliyezoea kukaa benchi la mwisho karibu na mlango ili asikie mtu akigusa pikipiki yake, akataja bei ya juu kuliko ile ya kuanzia. Akamkonyeza mwenzake, mwenzake akapandisha. Wakapandishiana wawili hao mpaka mayai manne yakafika bei ya jogoo. Alipoyalipia, akawagawia watoto waliokuwa wamesimama mbele, akaenda zake kuwasha pikipiki. Hakugeuka kuangalia kama kuna aliyemwona. Mwinjilisti alimwona.

Hakumfuata siku hiyo, wala wiki ile. Alipita kwenye kijiwe chao kama mtu anayetafuta usafiri, akamuuliza mwenyekiti wa kijiwe maswali ya kawaida: kijana huyu hesabu ya tajiri wake huipeleka kwa wakati? Akikopa mafuta hurudisha? Abiria akisahau mzigo inakuwaje? Wengine wangeona ni udaku. Lakini Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 3, unadai kwamba anayetaka kusimamia kanisa awe ameshuhudiwa vema na watu walio nje, na watu walio nje wa kijana wa bodaboda wako kijiweni. Waraka huohuo unataka watu wajaribiwe kwanza, ndipo wahudumu. Mzee yule alizifuata hatua hizo kwa mpangilio, ila hakuna aliyejua kwamba anazifuata.

Kazi ya kwanza aliyotaka kumpa ilikuwa ufunguo wa kanisa: kufungua mapema, kufagia, kupanga viti, kufunga jioni. Kwenye baraza la wazee mambo yakawa magumu.

“Mwinjilisti, ufunguo tumpe kijana wa bodaboda? Na vyombo vya muziki vimo humohumo?”

“Kikipotea kitu nidaini mimi,” akajibu. “Andikeni kwenye muhtasari.”

Wakaandika. Nalipenda sana jibu hilo, kwa sababu hakubishana nao kuhusu tabia ya kijana. Hofu yao ilikuwa ya haki, kama ile ya wanafunzi wa Yerusalemu. Hofu ya haki haiondolewi kwa kusifu. Huondolewa na mtu mwenye jina anayekubali jina lake liandikwe pembeni mwa jina la asiye nalo.

Baada ya ufunguo zikafuata ziara za wagonjwa, mzee akiwa amepakiwa nyuma ya pikipiki. Baada ya ziara, kusoma Neno. Baada ya kusoma, kuongoza sala za nyumba kwa nyumba. Siku kijana alipohubiri mara ya kwanza, mwinjilisti alikwenda kukaa benchi lilelile la mwisho karibu na mlango. Mahubiri yalirefuka, mfano mmoja ukapotea njiani, watoto wakaanza kusinzia. Nilikuwa karibu walipokutana nje.

“Shikamoo, Mwinjilisti.”

“Marahaba, mwanangu. Leo nani hakuja?”

Kijana alitegemea kuulizwa habari za mahubiri. Akababaika, akataja majina mawili. Mzee akataja la tatu, mama mmoja ambaye mumewe alikuwa amerudi kutoka hospitali siku ile. Wakapanda pikipiki wakaenda kumwona. Swali hilo alikuwa akimuuliza kila Jumapili, na nimekuja kuelewa kwamba ndilo somo lenyewe. Mahubiri mtu anaweza kuyaboresha kwa kusoma na kuzoea. Kutambua kwamba kuna mtu amekosekana kunahitaji uwe umewabeba watu moyoni kabla hawajafika.

Ukiwa na swali hilo mkononi, Maandiko yenyewe unayasoma upya. Samweli alipokwenda Bethlehemu kumtafuta mfalme, alimwona Eliabu mrefu na mwenye umbo la kupendeza, akadhani amekwisha kumpata. Nabii mzima, aliyeisikia sauti ya Mungu tangu utotoni, akadanganywa na kimo. Tena alipaswa kukumbuka, kwa kuwa Sauli mwana wa Kishi naye alikuwa amewapita watu wote kwa urefu, na mwisho wake Samweli aliulilia. Vijana saba wakapita mbele yake. Ufundi ulirudi alipomuuliza Yese kama watoto wake wote ndio hao. Kumbe yuko mmoja hayupo, amebaki na kondoo, na babaye hakuona haja ya kumwita. Antiokia nako Barnaba alitazama kanisa lililojaa, akamwona aliyekosekana.

Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Ni kweli kwa baadhi ya nyota. Makanisani methali hiyo imetupotosha mara nyingi, kwa sababu asubuhi kinachoonekana kwa urahisi ni sauti nzuri ya kwaya, kukariri mistari, sala ndefu, na mzazi mwenye gari. Harambee ikipita, aliyetoa bahasha nene kuliko wote huanza kutajwa kwenye nafasi za uongozi kabla haijajulikana kama anaweza kusuluhisha wanakwaya wawili waliogombana. Waraka wa Yakobo ulikwisha kuwakemea waliompa tajiri kiti cha mbele na kumsimamisha maskini. Aliyeandika alikuwa anaijua tabia yetu.

Muda ndio gharama nyingine, na hapa Afrika Mashariki ina historia inayostahili kukumbukwa. Mwaka 1893 Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, chini ya Askofu Jean-Joseph Hirth, walianza kuwaandaa vijana wa Uganda kwa ajili ya upadre. Baadaye kazi hiyo ilifika mikononi mwa Henri Streicher, aliyeongoza vikariati ya huko, yaani eneo la kimisionari lililo chini ya askofu, kuanzia mwaka 1897. Vijana waliingia seminari. Wengi wakarudi nyumbani. Masomo yalikuwa marefu, Kilatini kikiwemo, na walikuwepo waliotilia shaka kama jambo lenyewe litawezekana. Mapadre wawili wa kwanza, Basil Lumu na Victor Mukasa, walipata daraja mwaka 1913. Hesabu mwenyewe: miaka 20 ya kulisha, kufundisha na kusubiri, kwa mavuno ya watu wawili.

Mwenye kutafuta matokeo ya haraka angefunga shule hiyo mwaka wa tano. Streicher aliendelea mpaka alipostaafu mwaka 1933. Mwaka 1939 Joseph Kiwanuka, aliyepata upadre mwaka 1929, akawekwa wakfu na Papa Pio wa 12 kuwa askofu wa Masaka, na eneo lote likakabidhiwa mikononi mwa mapadre Waafrika wakati sehemu kubwa ya bara hili ilikuwa bado inaambiwa haijakomaa. Katika seminari kuu ya Katigondo, iliyokuwa sehemu ya kazi hiyo, alisoma pia kijana kutoka Bukoba, Laurean Rugambwa. Akawa padre mwaka 1943, askofu mwaka 1952, na mwaka 1960 kardinali wa kwanza Mwafrika. Streicher alifariki mwaka 1952. Mavuno mengine aliyaona, mengine hakuyaona, na kazi yake haikuwa imetegemea kuyaona.

Huko Tabora ufundi huo ulichukua sura nyingine. Julius Nyerere alipomaliza Makerere mwaka 1945 alikwenda kufundisha shule ya Mtakatifu Maria, iliyokuwa chini ya Mapadre Weupe. Padre Richard Walsh alimwona mwalimu huyo kijana, akamhimiza aende kusoma zaidi. Mwaka 1949 Nyerere akaondoka kwenda Edinburgh. Mwalimu mzuri shuleni ni mali, na mkuu yeyote wa shule anajua uchungu wa kumwachia. Jicho la kawaida la kanisa humwona kijana mwenye kipaji na kuuliza atatufaa vipi sisi. Lipo jicho pana zaidi, linalokubali kwamba vipaji vingine Mungu amevikusudia kwa ajili ya watu walio nje ya uzio wa misheni. Kumtambua mtu wa namna hiyo maana yake ni kumsaidia aondoke.

Basi turudi kwa Barnaba, maana gharama yake kubwa ilikuwa haijafika. Kwa mwaka mzima yeye na Sauli walifundisha pamoja Antiokia. Katika sura ya 13 Luka anaorodhesha manabii na walimu watano wa kanisa hilo: Barnaba wa kwanza, kisha Simeoni aitwaye Nigeri, Lukio wa Kirene, Manaeni aliyelelewa pamoja na Herode, na Sauli wa mwisho. Wanatumwa Barnaba na Sauli. Wanapita Kipro, nyumbani kwao Barnaba. Wanapoondoka kisiwani, Luka, ambaye sasa anamwita Sauli kwa jina la Paulo, anasema Paulo na wenziwe. Barnaba, aliyekuwa kichwa cha orodha, ameingia kwenye kundi la wenziwe.

Tukio la Listra linaionyesha hali hiyo vizuri zaidi. Baada ya kiwete kuponywa, watu wa mji waliamini miungu imewashukia. Barnaba wakamwita Zeu, mkuu wa miungu. Paulo wakamwita Herme, kwa sababu ndiye aliyekuwa mnenaji. Yaani wageni wasiojua lolote juu yao walimtazama Barnaba wakaona mkubwa, na wakaona pia kwamba mkubwa huyo ameketi kimya huku mdogo akisema. Ukubwa wake haukupungua kwa kunyamaza. Watu wa Listra walitaka kumchinjia ng'ombe. Baadaye Yerusalemu, mbele ya baraza la mitume na wazee, majina yanageuka tena, Barnaba anatangulia. Kule ndiko alikojulikana zaidi, na hakukataa kutangulia panapohitaji jina lake. Kupisha kwake kulikuwa na akili: alijua wapi sauti ya mwenzake itafika mbali kuliko yake, na wapi jina lake bado litafungua mlango.

Wapo waliopisha kwa namna nyingine. Prisila na Akila walimsikia Apolo akihubiri Efeso, mtu hodari wa kusema lakini mwenye mapengo katika mafundisho yake. Hawakunyoosha mkono sinagogi likiwa limejaa. Walimchukua kwao, wakamweleza kwa ukamilifu zaidi, na alipotaka kwenda Akaya ndugu wakamwandikia barua ya kumtambulisha. Mafundi hawa wa mahema walijua kwamba mwenye kipaji akirekebishwa mbele za watu hujifunza kujitetea, na akirekebishwa sebuleni kwa mtu hujifunza alichokosa.

Kisha Marko. Yohana Marko, aliyekuwa na Barnaba na Paulo katika safari ya kwanza, aliwaacha Perge ya Pamfilia akarudi Yerusalemu. Luka hasemi kwa nini. Safari ya pili ilipopangwa, Barnaba alitaka wamchukue. Paulo akakataa: huyu alituacha kazini. Ugomvi ukawa mkali hadi wakaachana. Hoja ya Paulo ilikuwa na uzito. Njia ilikuwa ya kupigwa mawe na kufungwa, na mwenzi anayeweza kukimbia ni hatari kwa wote. Lakini ni vigumu kutoona kwamba mtu aliyewahi kuhitaji mdhamini kuliko wote sasa anakataa kuwa mdhamini.

Na hapa msomaji wa Kitanzania ana swali lake, maana Waraka kwa Wakolosai unasema Marko alikuwa ndugu wa Barnaba. Je, si ule undugu wetu tunaoujua, wa kumwingiza jamaa mlango wa nyuma? Jibu liko katika alichompa. Anayependelea jamaa humpa kiti na kumkinga na kazi. Barnaba alimchukua Marko akapanda naye merikebuni kwenda Kipro, kwenye safari ya namna ileile aliyoikimbia. Alimrudisha alipoangukia, akaenda naye. Na kwa kufanya hivyo alimpoteza Paulo, mwenzi wa miaka, pamoja na nafasi yake katika kitabu cha Luka. Tangu merikebu ile itweke, Matendo ya Mitume hayamtaji tena.

Kuhusu Marko tuna habari. Katika Waraka wa pili kwa Timotheo Paulo yuko kifungoni, anaagiza Marko aletwe kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Mapokeo ya kanisa yanampa Marko Injili ya pili. Na Paulo, aliyekataa kudhamini, alijifunza: katika mji uleule wa Listra alimpata Timotheo, kijana aliyeshuhudiwa vema na ndugu wa Listra na Ikonio, akamchukua, akampa kazi ngumu, akamwandikia kwamba aliyoyasikia ayakabidhi kwa watu waaminifu watakaoweza kuwafundisha wengine. Ule ni ufundi wa Barnaba kwa mwandiko wa Paulo.

Agano Jipya lina nyaraka 13 zenye jina la Paulo na Injili inayoitwa kwa jina la Marko. Halina ukurasa hata mmoja wenye jina la Barnaba kama mwandishi. Ndivyo ilivyo kwa mafundi wa kazi hii: sahihi zao ziko kwenye kazi za wengine, na mara nyingi hata hapo hazisomeki.

Kwa hiyo uchaguzi wa wazee wa kanisa, wa viongozi wa jumuiya au wa umoja wa vijana unapokaribia, ningependa tubadilishe swali tunalowauliza waliopo madarakani. Tumezoea kuwauliza wamejenga nini na wamekusanya kiasi gani. Tuwaulize wamemdhamini nani, mtu gani ambaye wengine walikuwa hawajamwona au walikuwa wanamwogopa, na udhamini huo uliwagharimu nini. Asiye na jina la kutaja pengine amefanya kazi nzuri sana, na siku akiondoka ataondoka nayo.

Yule mwinjilisti wa mtaani ana jina la kutaja, na lipo kwenye muhtasari wa baraza la wazee. Ila siku hizi hamuulizi tena yule kijana nani hakuja. Kijana ndiye anayewauliza wasoma Neno wake, na Jumapili iliyopita mmoja wao alimjibu kabla hajamaliza kuuliza.